Mlango Niliousugua Siku Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika msumeno wala nyundo. Nilipewa kipande cha msasa kisichozidi kiganja, nikasugua mguu wa kiti kimoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ilikuwa katika karakana moja ya Hindawiyah, Jeddah, na aliyenipeleka ni baba. Wazee wangu walitoka Unguja mwaka wa mapinduzi wakiwa na masanduku mawili na watoto wanne, mimi nikiwa wa kubebwa, na baba hakuwa na subira na kijana wa miaka kumi na saba anayeshinda nyumbani akinywa chai. Mwenye karakana alikuwa Mhadhrami wa Yemen aliyewahi kuishi Mombasa. Kiswahili alikijua, na matusi yake aliyajua zaidi. Sote tulimwita Muallim, maana ndivyo huku fundi mkubwa anavyoitwa.

Adhuhuri Muallim alikuja, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya ule mguu wa kiti.

"Hapa bado," akasema. "Hapa pana mtu."

"Mtu gani, Muallim?"

"Aliyekikalia kabla yetu. Alikuwa akikwaruza kwa ufunguo huku akipiga soga. Mfute."

Nikamfuta. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka arobaini, vijana wangu, kuwafuta watu kwenye mbao, na nilijivunia mpaka mwaka wangu wa mwisho. Nakuandikieni nyinyi mnaojifunza useremala kwa mashine na video za simu, mjue kazi ilivyokuwa. Nakuandikieni pia kwa sababu kuna jambo nililolifanya ambalo hata leo likinijia ghafla nikiwa mezani, kijiko kinabaki hewani.

Kusugua si kutumia nguvu. Msasa una daraja zake. Unaanza na ule mkali, wenye chembe kama mchanga, wa kuondoa rangi na uchafu. Unafuata wa kati, unaofuta mikwaruzo iliyoachwa na ule wa kwanza. Unamaliza na laini, ambao unauzungushia kipande cha mti ili vidole visichimbe. Wakati wote unafuata nyuzi za mbao. Ukizikata, vanishi ikipita juu yake itakuumbua mbele ya mwenye mali. Na mkwaruzo ukiwa wa kina, msasa haufiki chini yake. Hapo unachukua randa, ile zana yenye ulimi wa chuma, unaupunguza uso mzima wa ubao mpaka ulingane na chini ya kovu. Fundi mzuri akimaliza, hakuna atakayejua kwamba ule ubao uliwahi kuumia.

Kwa Muallim nilikaa miaka kumi na minane. Kazi kubwa ilikuwa roshani za nyumba kongwe za mjini, yale madirisha ya mbao yanayochomoza ukutani. Tulizishusha, tukazifungua, tukatoa vipande vilivyobunguliwa na wadudu na kutia vipya, ulimi kwa tundu. Ulimi ni ncha ya ubao iliyochongwa, tundu ni shimo linaloipokea. Ukimwona seremala amejaza misumari mahali pake, huyo mkimbie. Jeddah mbao hunywa unyevu wa bahari na kuvimba, na mlango uliofunga vizuri mwezi huu hukwama mwezi ujao. "Mwachie mlango nafasi ya kupumua," Muallim alikuwa akisema, "kama mke." Yeye alioa mara nne, sijui alikuwa akiwaachia nafasi gani.

Alipofariki, watoto wake wakauza karakana. Kafili wangu mpya, yaani yule ambaye ikama yangu, kibali cha kukaa nchini, ilikuwa mikononi mwake, akanipeleka Riyadh kwenye karakana kubwa ya samani. Huko mbao zina kiu. Hewa ni kavu mpaka meza nzuri inapasuka katikati yenyewe, paa! kama mtu amepiga kofi, na ubao mgeni lazima uachwe ukae wiki kadhaa uzoee kabla hujaugusa. Na huko hapakuwa na Muallim; palikuwa na Mudiri, yaani meneja, Mmisri mwenye sauti kubwa na ofisi baridi. Patasi hajawahi kuishika, lakini wateja alijua kuwashika. Kwa siku alikuwa akinihimiza "yalla, Nassor, yalla" mara nyingi kuliko mke wangu alivyoniita jina tangu tuoane.

Nikawa mkubwa wa sehemu ya usuguaji. Chini yangu walipita watu wa kila taifa. Aliyekaa zaidi ni Wafula, mtu mzima mwenye watoto wake, Mkenya wa Bungoma aliyekuja kama dereva, akakosana na bosi wake, akaangukia kwetu. Nilimfundisha miaka tisa. Mkono wake ukawa mwepesi, na mara nyingine nikipita kidole juu ya kazi nilikuwa siwezi kusema kama ni yake au yangu.

Ndipo likaja jambo lenyewe. Ilikuwa miaka hii ya karibuni, ambapo kila mwenye uwezo Riyadh anataka mkahawa usiofanana na wa jirani yake. Bosi mmoja akamwambia Mudiri kwamba anataka kijiji cha wakulima wa Kifaransa, nje kidogo ya mji, watu wale mkate na jibini ndani ya banda la ng'ombe. Mudiri akamwambia tutamchongea vitu vifanane. Bosi akakataa katakata. Hakutaka mfano, alitaka kitu chenyewe. Na dalali mmoja kule Ulaya alikuwa ameshampatia: kijiji cha nyumba kumi na tisa, vijana wamehamia mijini, wazee wamezikana mmoja baada ya mwingine, waliobaki wanahesabika kwa vidole. Bosi hakununua nyumba. Alinunua vilivyokuwa ndani.

Siku tulipofungua kontena la kwanza nilipigwa na butwaa. Mimi Ulaya niliyoijua ni ya televisheni, vioo na treni. Mle ndani ilitoka harufu ya mavi ya ng'ombe na majani makavu. Palikuwa na hori la kulishia, majani bado yamo. Palikuwa na nira ya ng'ombe wawili, upande mmoja umelika zaidi ya mwingine, maana ng'ombe mmoja alikuwa mvivu. Palikuwa na sanduku refu la kukandia unga, na vibao vya kupigia magoti ambavyo wanawake walikuwa wakivitumia kufulia kisimani. Halafu nikafunua gunia nikakuta viatu vya mti, vizito, vimechimbwa kwa mkono.

"Mitawanda!" nikapiga kelele.

Wallahi, bibi yangu alikuwa na jozi kama ile ya kuendea msalani, ingawa yake ilikuwa na kamba. Nilivipindua nikaona alama ya kisigino, na ule upande wa nje ulivyokwisha. Huyu mtu alikuwa akitembea kwa kuchanua miguu. Nilisimama mle ndani ya kontena, jua la Riyadh likinichoma mgongoni, nikajiuliza ilikuwaje mtu akauza mpaka viatu vya babake.

Aliyekuwa akitusomea orodha za Kifaransa ni Muhandisa Rima, Mlebanoni, msimamizi wa mapambo. Alikuwa mwanamke mpole, akiniita "ami", yaani baba mdogo, na kila kipande akinieleza kilikuwa cha nini. Lakini wiki ile mlango ulipofika, Rima alikuwa Beirut kwa mamake mgonjwa.

Ulikuwa mlango wa banda la kupuria ngano, mabawa mawili ya mwaloni, mrefu kunizidi mara mbili. Mwaloni ni mti mgumu wa kwao, mzito, ukikomaa unakuwa karibu na chuma. Uso wa nje ulikuwa umepigwa na mvua mpaka kijivu. Uso wa ndani ulikuwa mweusi kwa moshi, jasho la ng'ombe na mikono ya watu, na umejaa mikato. Misalaba, duara, pembe, tarakimu, vistari. Chini kulia palikuwa na mikato ya kina kuliko yote, mingi, nikaiona kama mifupa ya samaki.

Mudiri akaja, akaitazama kwa mbali asichafuke.

"Safisha. Bosi anataka kuona mbao. Alhamisi uwe umesimama mahali pake."

"Mudiri, hii imeandikwa," nikamwambia. "Tazama, imepangwa safu safu. Nafasi zake zinalingana."

"Mafi muhimu, hakuna la maana hapo. Watoto wa shamba walikuwa wakicheza na visu."

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Mimi nilijua si watoto. Fundi anaujua mkato wa mchezo na mkato wa makusudi. Wa mchezo huteleza, wa makusudi huanza na kuisha mahali pake. Nilijua, na kuuliza si ujinga, ningeweza kumngoja Rima arudi. Sikumngoja. Nilikuwa na hamu ya ule mwaloni. Nilitaka kuuona uso wake chini ya ule uchafu, na nilitaka watu waseme, hii kazi ya Nassor.

Nilisugua siku tatu. Msasa mkali siku ya kwanza, wa kati siku ya pili. Siku ya tatu ile mifupa ya samaki ilikuwa bado ipo, imenikodolea macho, nikachukua randa nikaupunguza ubao mpaka ikaisha. Zilitoka takataka nyembamba zilizojikunja, tukazifagia tukazitupa pamoja na vumbi. Mlango ukatoka rangi ya asali. Bosi alipouona akaushika kwa mikono miwili na kusema mashaallah, na Mudiri akanipa mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Rima aliporudi aliutazama, akafungua orodha yake. Kisha akaniambia, "Ami, kwenye orodha ya dalali imeandikwa tu 'mlango wa kale'. Labda si kitu." Nikashika hiyo labda.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, bosi akatuletea mgeni wa heshima. Alikuwa Bi Odette, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, aliyekuwa na shamba lile lenye banda la kupuria. Kabla ya safari ile hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Alikuwa mfupi, mgongo umepinda, amevaa sweta katika joto lile, na mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya mbeba mizigo. Nilidhani atalia kuona vitu vyao jangwani. Kumbe alicheka! Alipita akigusa kila kitu, Rima akitafsiri nyuma yake. Hori hili lilikuwa la ng'ombe aliyempiga teke padri. Kibao hiki kilikuwa cha mama fulani aliyefua na kusengenya mpaka maji yakawa machafu zaidi ya nguo. Vile viatu vilikuwa vya babake, na kweli alikuwa akichanua miguu. Aliposikia kwamba wageni watakula juu ya hori, alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha akaufikia mlango.

Hakuutazama. Alikwenda moja kwa moja upande wa ndani, akamshika Rima mkono, akachutama taratibu, akapeleka kiganja chini kulia. Akapitisha. Akapitisha tena. Akahamia kushoto, akapapasa huko, akarudi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na kitambaa cha vanishi mkononi.

Rima akatuambia, "Anasema huu si mlango wao."

Mudiri hata kope hakupepesa. Akatabasamu. "Mwambie yuko sahihi kabisa. Hii ni nakala. Ule wenyewe una thamani, tumeuhifadhi Jeddah, mahali penye ubaridi."

Rima alimtazama, akatafsiri. Bi Odette akaweka mkono kifuani, akapumua, akambusu Rima mashavu yote mawili. Halafu, kwa ile furaha ya mtu aliyeponea, akaanza kueleza. Banda lile, ingawa lilisimama shambani kwao, lilitumiwa na kijiji kizima. Ngano ya nyumba zote kumi na tisa ilipurwa mle, na siku kazi ilipokwisha, mkubwa wa kila nyumba alikata alama ya nyumba yake kwenye mlango, chini ya ile ya mwaka uliopita. Zamani wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo nyumba hii gurudumu, ile pembe, ile msalaba. Mwaka wa mvua ya mawe walikata mstari mtupu. Mwaka wa msiba walikata alama kichwa chini. Mababu wa mababu walikuwemo. Kijiji hakikuwa na kitabu kingine.

Kwao alama ilikuwa gurudumu. Lakini alikuwa na kaka, Marcel, aliyezaliwa kiziwi. Hakusema neno maisha yake yote, hakupelekwa shule, alichunga ng'ombe mpaka alipofariki, na hakuna aliyempiga picha. Baba yao alipozeeka, kisu kikaenda kwa Marcel. Yeye hakutaka gurudumu. Alikata suke la ngano, kila mwaka suke moja, pale chini kulia kwa sababu alipenda kuketi chini akikata.

"Anasema ndicho kitu pekee kaka yake alichowahi kusema," Rima akatafsiri. "Ndege yake Jumapili inapitia Jeddah. Anaomba apelekwe aushike."

"Inshallah, inshallah," Mudiri akasema. Akanivuta kando. "Nassor, wewe mwezi ujao unapumzika. Karatasi yako ya kuachiwa kazi iko mezani kwangu, inangoja sahihi. Mwanamke mzee, atasahau akifika kwao. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Ikama yangu, safari yangu ya kurudi Jeddah kwa mke wangu na binti yangu, vyote vilipita kwenye meza ile. Nikamtazama yule mama akijifuta macho na mkono wa sweta, anafurahi, anajiandaa kwenda kupapasa mlango ambao haupo. Ningenyamaza, angefika Jeddah aambiwe ghala limefungwa, angerudi kwao akiamini kwamba kaka yake yuko mahali penye ubaridi. Mpaka leo kuna siku najiuliza kama hilo lisingekuwa bora. Lakini ukivuliwa nguo, chutama, na mimi nilikuwa uchi pale hata kama aliyeniona ni mimi peke yangu.

"Rima," nikasema, "mwambie ni huu. Mwambie mimi ndiye niliyeufuta."

Mudiri alinitukana kwa Kimisri, akatoka nje na simu sikioni. Rima akatafsiri. Bi Odette hakupiga kelele. Alinijia, akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akavitazama muda mrefu.

"Ilikuchukua siku ngapi?"

"Tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Yale ya chini yalikuwa ya kina. Msasa haukufika. Nilitumia randa."

Akaziba mdomo. "Alikuwa akivunja visu," akasema. Kisha akaniuliza yalikuwaje, yale ya mwisho, maana macho yake yalikuwa yamefifia miaka mingi na yeye alikuwa akiyajua kwa vidole tu. Nikamweleza. Uti mmoja umesimama, vistari vifupi pande mbili. Vya kulia vilikuwa vimeteleza kidogo, vya kushoto vimekatwa kwa nguvu, kwa hiyo nilidhani aliyekata alikuwa akitumia mkono wa shoto.

Rima alipomaliza kutafsiri, yule mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena. Alikuwa ashoto. Baba yao alikuwa akimchapa kwa hilo. Basi nilishtuka mimi mwenyewe kwa niliyoyasema. Nilimjua yule mtu. Nilijua mkono aliotumia, nilijua wapi alikaza na wapi alilegeza, na bado nikampitishia randa.

"Mwambie nitayarudisha," nikasema. "Nayakumbuka. Nitayakata yote, moja moja, pale pale."

Alitikisa kichwa kabla Rima hajamaliza. "Hapana. Yatakuwa yako."

Akaomba patasi. Nikampa ile nyembamba. Akakaa chini sakafuni, sweta lake na yote, akakata suke moja kwenye ule mwaloni rangi ya asali. Lilitoka vibaya, limepinda, patasi iliteleza mara mbili. Ilimchukua muda wa kupika sufuria ya wali, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza akalipuliza vumbi, akanirudishia patasi yangu kwa mpini kama anavyofanya mtu aliyezoea visu, akaniuliza jina langu, akaondoka. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuomba.

Kesho yake asubuhi Mudiri akaniita mlangoni.

"Bosi ameona mkwaruzo. Wageni kesho. Futa."

"Mafi," nikasema.

"Mafi nini?"

"Sifuti, Mudiri."

"Basi halas. Kusanya vitu vyako."

Ndivyo nilivyostaafu. Hakuna keki, hakuna hotuba. Karatasi yangu ilikaa mezani kwake miezi minne, mpaka kafili mwenyewe alipochoka na simu za mke wangu akaifuata. Sasa nakaa Al-Safa, hapa Jeddah, kwa binti yangu. Asubuhi nanunua mkate, jioni nagombana na mjukuu juu ya rimoti. Wanaponiletea kiti kilichokwaruzwa nakirudisha kama kilivyo, na binti yangu anasema baba amekuwa mvivu.

Wiki ile ile niliyofukuzwa, nikiwa bado Riyadh nangoja karatasi, Wafula alinitumia picha kwenye simu, mlango uko wima, unang'aa, na sauti yake chini ya picha: "Mzee Nassor, shikamoo. Cheki vile imetoka smart. Mudiri mwenyewe amesema hata wewe huwezi jua hapo palikuwa na kitu. Lakini ni wewe ulinifunza, mzee, hiyo credit ni yako." Niliisikiliza nikiwa nimesimama jikoni na mkate kwapani. Nikaketi juu ya ndoo. Ningemgombeza kwa lipi? Aliambiwa afute, akafuta, na alifuta vizuri. Nilikuza picha ile mpaka nikaona nyuzi za mbao, nikatafuta kule chini kulia, na kazi ilikuwa safi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi, nao si wa kiufundi. Kabla hujaweka msasa, fumba macho upapase. Ukikuta mtu, uliza ni nani. Ukiambiwa si muhimu, muulize tena mtu mwingine. Aliyekuajiri atakasirika, na huenda ukarudishwa nyumbani na mfuko wa zana kama mimi, lakini utalala. Majuto ni mjukuu, na wangu mimi ni mkaidi, haendi kulala.

Nilikaa siku nyingi nikijishauri kama nimwambie Bi Odette. Nilikuwa nimeshamwambia ukweli mara moja, na mara ya pili ulikuwa mzito zaidi. Mwishowe nikampigia Rima, nikamwomba amwandikie kwamba lile suke lake nalo limefutwa, kwamba aliyelifuta ni mwanafunzi wangu, na kwamba lawama ni yangu yote, ya kwanza na ya pili.

Jibu lilichukua karibu mwezi kufika. Rima alinisomea kwenye simu polepole, kwa Kiarabu, akirudia kila neno ili nisikosee.

"Mwambie fundi asijibebeshe mwenyewe. Dalali aliponunua viatu na hori, aliniuliza kama na mlango nauuza. Alinieleza kabisa kwamba watausafisha. Nilikuwa nimechoka, nikasema ndiyo."